Ukuta Tusiojua Kuugonga

Bibi yangu alikuwa haiamini chokaa. Nyumba yetu ya Kwaalinatu ilikuwa ya udongo, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za Ng'ambo kabla tofali halijawa ndiyo heshima ya mtu, na kila Ramadhani ikikaribia kwisha ilipakwa chokaa mpaka ikang'aa. Wageni wa Idi huisifu. Bibi yeye, chokaa ikishakauka tu, huchukua ufunguo wa kabati akazunguka nao chumba kwa chumba, akigonga ukuta. Ko, ko, ko. Anasikiliza. Akifika mahali ufunguo ukatoa sauti nyingine, pu, kama unagonga kifuu, husimama hapo hapo. "Hapa hamna kitu," atasema. "Mchwa wameshamaliza."

Ami yangu angebisha kwamba ukuta ni mzima, haujatoa hata ufa. Bibi hakuwa mtu wa kubishana. Hukwangua kwa ncha ya kisu, plasta ikamomonyoka, na nyuma yake fito zimebaki unga. Ukuta ulikuwa umesimama kwa mazoea tu.

Miaka michache iliyopita mtoto wa ami huyo, tuliyelelewa naye ndani ya nyumba ile ile, alirudi likizo kutoka kwenye ulinzi wa amani. Sitaitaja nchi wala kikosi, maana bado yumo kazini na ana watoto wa kuwasomesha. Tulikaa barazani baada ya Isha, kahawa ikapita, akaanza kuelezea gari analopanda. Deraya, alisema, ya magurudumu. Walipolipokea lilikuwa limeshatumika na watu wengine.

"Limewahi kupigwa?" nikamuuliza.

"Wanasema limefanyiwa matengenezo."

"Na nani kalipima?"

Akacheka. "Limepakwa rangi mpya, ndugu yangu. Jeupe, utalipenda."

Halafu akaacha kucheka. Ndani ya gari, alisema, ukutani na chini ya miguu, kuna mabamba ambayo si ya chuma. Mepesi, rangi ya njano iliyofifia, yamekaza kama ubavu wa boti ya faiba. Siku moja akiwa zamu bila kazi aliligonga bamba la upande wake kwa kitako cha kisu. Ko, ko. Akasogea shibiri mbili. Pu. Yeye naye ni mjukuu wa yule bibi, hakuhitaji kuelezwa. Akaenda kumwambia mkubwa wake. Akaambiwa asiharibu mali.

Ninaandika kwa sababu ya ile pu. Ninaandika pia kwa sababu najua wasomaji wangu: watu wa rika langu, wenye shahada, wanaodhani kwamba elimu ya kumkinga mtu na mlipuko ni mambo ya majeshi ya Wazungu na makampuni ya silaha, hayatuhusu sisi wa visiwani wenye karafuu na watalii. Yanatuhusu. Tumeyaingia tangu zamani, na tumeyaingia bila ya ufunguo mkononi.

Tuanze na bomu lenyewe. Likilipuka chini ya gari, mambo matatu humfikia aliyemo ndani kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwanza wimbi la mshindo, hewa iliyobanwa ikageuka nyundo. Pili, udongo na gesi ya moto vinavyoisukuma sakafu juu kwa kasi ambayo mwili haukuumbiwa: vifundo vya miguu hupasuka, kiti huusukuma uti wa mgongo, kichwa hugonga paa. Tatu, vipande. Vingine vinatoka kwenye bomu, vingine vinatoka kwenye gari lenyewe, kwa sababu bamba la chuma likipigwa kwa nje huweza kutema makombo yake kwa ndani, likamuua yule yule liliyewekwa kumlinda.

Wahandisi wana majibu ya mambo hayo. Gari hunyanyuliwa juu, na tumbo lake huchongwa kama mkuku wa jahazi ili mlipuko upasuliwe ukapite pembeni. Viti hutenganishwa na sakafu, vikaning'inizwa ukutani au paani. Ukuta nao huongezewa kitu wanachokiita kompositi: nyuzi, za kioo au za aina ya Kevlar, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu. Mahali pengine mbele yake huwekwa kauri, ambayo huivunja ncha ya risasi au kipande. Nyuzi za nyuma zikadaka kinachobaki, kama jarife linavyodaka samaki.

Neno ni geni, kitu si kigeni. Nyumba ya bibi ilikuwa kompositi. Miti na fito zilizofungwa kwa kamba za usumba zilibeba mvutano. Udongo na vijiwe vya kutomea vilibeba uzito. Kila kimoja peke yake ni dhaifu, pamoja ni nyumba. Mtepe nao ulikuwa jamaa wa fikra hiyo. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, nao ukasafiri mwambao huu kwa karne nyingi mpaka ukatoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Ukipigwa na wimbi au ukikwaruza mchanga, hulegea kidogo ukarudi, pale ambapo chombo kilichokaza kingepasuka. Waliokuwa mabingwa wa kuushona ni watu wa visiwa vya Lamu na Wabajuni. Ikumbuke Lamu, nitarudi huko.

Sasa lije jambo ambalo wauzaji hawalitii kwenye picha zao. Kompositi humwokoa mtu kwa kujiumiza. Nguvu ya mlipuko lazima imalizikie mahali, na ndani ya ukuta ule humalizikia kwenye nyuzi zinazokatika, nyuzi zinazochomolewa kutoka kwenye gundi, na tabaka zinazobandukana. Kila tabaka linapoachana na mwenzake, sehemu ya deni imelipwa. Deni likishalipwa, mfuko ni mtupu. Ukuta uliokuokoa leo si ukuta uleule kesho.

Chuma kikiumia husema. Hubonyea, hupinda, hupasuka, hata mpishi wa kambi anaona. Kompositi huumia kwa siri. Huweza kubonyea ikarudi palepale, uso laini, huku ndani tabaka zimeachana kama kurasa za kitabu kilichorowa. Piga rangi juu yake na hakuna jicho litakalojua. Kuna njia za kujua: kuna mashine za mawimbi ya sauti, jamaa wa zile zinazomwonesha mama mjamzito mtoto wake, na kuna njia ya bibi. Sitanii. Mafundi wa ndege hugonga sehemu za kompositi kwa sarafu au kinyundo kidogo wakasikiliza. Palipo pazima hulia, palipobanduka hunong'ona. Elimu hiyo imo kwenye vitabu vyao kama kipimo halali. Kwetu ilikuwa mikononi mwa vikongwe, tukaitupa pamoja na udongo.

Si bomu pekee linaloumiza. Nyuzi za jamaa ya Kevlar hudhoofishwa na jua na unyevu. Nyuzi za plastiki ngumu zinazotumika kwenye deraya nyepesi hupoteza nguvu zikikaa kwenye joto kali. Cheti kinachokuja na gari husema kwamba lilihimili kilo sita, nane au kumi za baruti chini yake, kwa vipimo vya NATO. Ni kweli, lilihimili, siku ile, likiwa jipya, kwenye uwanja wa majaribio. Cheti hakisemi lolote kuhusu gari lililokaa miaka saba juani Afrika ya Kati, wala lililovuka bahari likiwa limefungwa sitahani kwenye chumvi. Mtu anayenunua cheti amenunua chokaa.

Waingereza, ambao hawana upungufu wa maabara, wametufanyia mfano. Katika miaka ya 1990 walikuwa na Land Rover waliloliita Snatch, mwili wake umevikwa kompositi ya nyuzi za kioo. Lilitengenezwa kwa ajili ya Ireland ya Kaskazini: mawe, chupa za petroli, risasi za mjini. Kwa kazi hiyo lilifaa. Kisha wakalipeleka Iraq na Afghanistan, kwenye mabomu ya barabarani, na askari wenyewe wakaliita jeneza la kutembea. Walikufa ndani yake kwa makumi. Mama wa kijana mmoja aliyeuawa Iraq mwaka 2005 aliishitaki wizara. Wizara ikajitetea kwamba mambo ya vitani hayapelekwi mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikasema familia zina haki ya kusikilizwa. Ripoti ya Chilcot ya mwaka 2016 ikaandika wazi kwamba serikali ilichelewa kuwapatia askari magari yanayofaa, ingawa hatari ilikuwa imeshajulikana.

Nimekielezea kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, kompositi yenyewe haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyokuwa yake na watu waliojua au waliopaswa kujua. Ya pili ndiyo inayoniuma. Mama yule alikuwa na pa kwenda. Kulikuwa na kumbukumbu za kudaiwa, wahandisi wa kuhojiwa, jaji wa kusikiliza. Mama wa Kwaalinatu, mwanawe akirudi ndani ya sanduku lenye bendera, ataliulizia wapi bamba lililosema pu?

Hapa rafiki zangu huniambia: hii si fani yetu. Sisi ni watu wa amani. Basi naomba tukumbushane historia, kwa sababu fani hii ilizaliwa kwa kutukabili sisi.

Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. FRELIMO iliundwa mji huo huo mwaka 1962 na ikafunza wapiganaji wake Nachingwea. Vijana wa ZANLA walifunzwa Mgagao. Silaha za Wachina na Warusi zilipitia bandari ya Dar es Salaam, na miongoni mwake yalikuwamo mabomu ya kutega ardhini. Mabomu hayo ndiyo yaliyokuja kuzitia hofu barabara za vumbi za Rhodesia katika miaka ya 1970. Walowezi walianza kwa kulaza viroba vya mchanga kwenye sakafu za magari na kutia maji kwenye mipira. Kisha wakaanza kuchonga matumbo ya magari kwa umbo la herufi V. Makaburu wa Afrika Kusini wakaichukua fikra hiyo mwishoni mwa muongo, wakaunda Casspir, jina lililochanganywa kutokana na herufi za polisi wao na za taasisi yao ya utafiti. Na Marekani, ilipoona askari wake wanakatikia Iraq, ilirudi kwenye umbo lilelile na kuanzia mwaka 2007 ikanunua magari ya aina hiyo zaidi ya 20,000.

Kwa hiyo elimu ambayo leo tunauziwa kwa dola ilibuniwa ili kumlinda mlowezi dhidi ya kijana aliyekula ugali wa Nachingwea. Sisemi hivi kwa kujisifu. Mabomu yaliyotegwa na pande zote za vita vile yaliendelea kuwakata miguu wakulima wa Msumbiji kwa miaka mingi baada ya bendera kupandishwa; Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishika mwaka 2015 tu. Ninasema ili tuache kujifanya wageni. Upande wa bomu tumeshakuwepo. Upande wa ukuta ndio tulioukwepa.

Na upande wa bomu tumekuwepo hata kwa aibu. Tarehe 7 Agosti 1998 malori mawili yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, na wengi walionusurika walipofushwa na vioo vya madirisha. Dar es Salaam walikufa 11. Pale, gari la maji lililokuwa langoni lilikaa kati ya bomu na jengo, likapokea sehemu ya mshindo. Ndiyo deraya pekee tuliyokuwa nayo siku ile: tangi la maji lililotokea kuwepo. Na wawili kati ya waliotiwa hatiani New York kwa shambulio hilo ni wazaliwa wa visiwa hivi. Atakayeniambia milipuko haituhusu Wazanzibari, anitazame usoni akiniambia.

Sasa turudi Lamu. Tangu jeshi la Kenya livuke mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, barabara za Lamu, Garissa, Wajir na Mandera zimekuwa shamba la mabomu ya Al-Shabaab. Oktoba 2019 polisi wasiopungua kumi waliuawa Garissa, gari lao lilipokanyaga bomu. Serikali ya Kenya imenunua magari ya deraya, mengine kutoka China, na sina ugomvi na ununuzi huo. Polisi ni mtoto wa mtu. Lakini tazama nani anabaki nje ya ukuta. Juni 2017, gari la polisi lililokuwa limewapa lifti wanafunzi wa skuli ya msingi lilikanyaga bomu upande wa Mararani, Lamu. Walikufa watu wanane, watoto na polisi. Januari 31, 2022, gari la abiria lilikanyaga bomu nje ya mji wa Mandera. Walikufa wasafiri, watu waliolipa nauli.

Wajukuu wa mafundi walioshona mtepe, chombo kilichojua kupokea pigo, leo wanasafiri ndani ya bati tupu. Hakuna mhandisi yeyote wa mwambao huu aliyepewa swali: sakafu ya basi la Lamu ingetengenezwaje ili abiria arudi na miguu yake? Swali hilo linaweza kuwa gumu sana kujibiwa kwa nauli ya msafiri wa kawaida. Pengine jibu ni barabara ya lami, maana kufukia bomu chini ya lami ni kazi kubwa kuliko chini ya vumbi. Lakini kuna tofauti baina ya swali lililoshindikana na swali lisiloulizwa.

Nazijua hoja za kunipinga, nyingine nimezisikia barazani kwetu.

Ya kwanza ni ya umasikini: maabara ni ghali, kununua ni rahisi. Kweli, kusuka Kevlar Kibaha hakutatokea kesho. Wala sisemi katani ya Tanga, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, itadaka kipande cha bomu. Haitadaka. Ninachokidai ni kidogo kuliko kutengeneza: kujua kupima. Mtu asiyeweza kufuma nguo anaweza kujua kuwa hii imechanika. Anayenunua bila kujua kupima hununua mara mbili, na malipo ya pili si fedha. Tena hatuanzi sifuri. Jeshi letu lina kituo cha magari cha Nyumbu, Kibaha, tangu miaka ya 1980, kilichowahi kuunda lori lake chenyewe. Hapa Unguja tuna Taasisi ya Karume pale Mbweni. Na Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linawafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini; panya hao wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Fikirini. Tulikuwa na panya mwenye medali ya kunusa bomu, na hatuna fundi mwenye kibali cha kugonga ukuta.

Ya pili ni ya wapenda amani: ukiimarisha deraya unaitukuza vita. Naiheshimu hoja hii lakini inalala usingizi mzuri mno. Kijana wetu ameshapelekwa. Mwishoni mwa Desemba 2021, walinzi wa amani watatu wa Tanzania walijeruhiwa kaskazini magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, gari lao lilipopita juu ya kifaa cha mlipuko. Usiku ule, kujadili kama kompositi inaitukuza vita kungemsaidia nani? Anayepinga kupelekwa kwao apinge. Mimi nitamsikiliza, pengine nitamfuata. Lakini maadamu wapo kule, miguu yao si uwanja wa kuoneshea usafi wa nafsi zetu.

Ya tatu ndiyo nzito, na sina jibu lake lote. Casspir ile ile iliyobuniwa dhidi ya mabomu ya mpakani iliingia vitongoji vya Soweto katika miaka ya 1980, ikawasaga vijana waliokuwa na mawe. Ukuta unaomlinda aliyemo ndani humfanya asiogope aliye nje, na asiyeogopa huacha kusikiliza. Sisi wa Ng'ambo hatuhitaji kwenda Soweto kulijua hilo. Kila uchaguzi ukikaribia tunayaona magari yanavyopita taratibu mbele ya majumba ya Michenzani, na barza zinavyonyamaza. Nani atanihakikishia kwamba fundi nitakayemlilia hatakuja kulikarabati gari litakaloelekezwa kwangu?

Hakuna wa kunihakikishia. Lakini angalia: magari hayo yapo tayari, elimu iwepo isiwepo. Ujinga wetu haujalizuia hata moja kupita Michenzani. Umezuia kitu kimoja tu, ile haki ya kijana wa ndani kujua kama ukuta wake ni mzima. Tena elimu ikiwa ya hadharani, ikifundishwa darasani na kuandikwa kwa Kiswahili, hutoka mikononi mwa wenye magari peke yao. Siri ndiyo inayowanufaisha wao.

Kwa hiyo nadai, na nayaandika ili yasionekane ni ndoto. Kila gari la deraya linalobeba Mtanzania liwe na daftari lake: lilizaliwa lini, limepigwa wapi, bamba gani limebadilishwa, nani kapima na kwa njia gani. Chini ya mikataba ya kawaida ya Umoja wa Mataifa, nchi inayopeleka vikosi na magari yake hulipwa kwa ajili ya magari hayo na ndiyo yenye jukumu la kuyatunza; basi sehemu ya malipo iende kwenye vipimo. Bamba lililopokea mlipuko litolewe, lisipakwe rangi. Askari atakayegonga akasikia pu asikilizwe kwa maandishi, asiambiwe anaharibu mali. Na vyuo vyetu vifundishe somo la kuchunguza kompositi, kwa sababu halihitaji vita kuwa na faida: boti za faiba zinazowavusha watu na watalii, matangi ya maji, mapanga ya mitambo ya upepo, yote yanaumwa maradhi yale yale ya ndani kwa ndani. Mwanafunzi aanze na boti iliyopandishwa ufukweni Maruhubi, amalizie na deraya.

Najua kuna watakaosema ninakuza mambo kwa sababu ya bamba moja na sauti moja. Nawaomba watembee mpaka Forodhani, walitazame Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga majumba ya kifalme kwa chini ya saa moja. Watu karibu 500 waliuawa au kujeruhiwa, Beit al-Hukm jirani yake likabomoka lisifae tena. Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Mizinga haikuliangusha. Lilianguka lenyewe, sehemu yake kubwa, mchana wa tarehe 25 Disemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, baada ya miaka ya kumomonyoka mbele ya macho yetu. Watu wawili walikufa. Jumba lilikuwa jeupe mpaka siku ile. Tulipiga picha mbele yake, tukalichapisha kwenye kadi, tukalionesha kwa wageni.

Nyumba ya Kwaalinatu hatunayo tena. Pamejengwa ya tofali, na bibi amelala Mwanakwerekwe. Ufunguo wake wa kabati nilibaki nao mimi, kabati lenyewe sijui limeishia wapi. Mtoto wa ami alipokuwa anarudi kazini nilimpa. Aliutia mfukoni bila kuuliza wa nini.